Gari Lililokunywa Maji

Jumapili ya kwanza tangu Cirhuza alinunue, gari lilizima mbele ya lango la parokia, waumini wa misa ya pili wakitoka na wa misa ya tatu wakiingia. Hapakuwa na saa mbaya kuliko hiyo katika juma zima. Alizungusha ufunguo mara tatu, na mara zote tatu kitu fulani ndani ya injini kilitoa mlio mmoja mfupi, kama mtu anayegonga jino kwa ukucha, kisha kimya. Lilikuwa gari la michezo, la milango miwili, rangi ya bluu iliyokoza, tena la chini mno, hata mtu aliyeketi ndani aliwaona wapita njia kuanzia kiunoni kushuka. Kwa hiyo Cirhuza hakuona nyuso. Aliona vitenge vya sikukuu, suruali zilizopigwa pasi, viatu vilivyopanguswa vumbi, vyote vikisimama na kumgeukia.

"Prof, hii haiko gari, iko kiatu," sauti moja ilisema. "Ivue tu, utembee."

Watu walicheka, lakini kicheko hakikuenda mbali, kwa kuwa wengi walilitambua gari. Lilikuwa la Pascal, mwalimu wa elimu ya miamba, aliyefariki miezi kumi iliyopita kwa ugonjwa wa ini. Viatu vikaanza kuondoka. Jozi moja ilibaki, nyeusi, pana, ya mtu mzito. Na mwenyewe akainama taratibu mpaka uso wake ukalingana na dirisha. Alikuwa Isidore, kaka mkubwa wa Pascal, mwuza saruji.

"Ulinunua siku gani, Cirhuza?"

"Siku ya ine, Papa Isidore. Alhamisi."

"Alhamisi." Isidore aliitafakari siku hiyo kama anayeonja kitu. "Mu mikono ya mudogo wangu ilitembea miaka mbili. Kwako inakataa ku siku ya tatu. Unajua batu ba kwetu banasema nini juu ya kintu ya marehemu yenye kukataa?"

Cirhuza alijua. Alikuwa amekula katika nyumba ya wazazi wa Pascal, huko Mudaka, kilimani nje ya mji wa Bukavu, tangu wote wawili walipokuwa wanafunzi, na desturi za uani pale alizijua kama za kwao. Jambo hilo lilikuwa na utaratibu wake, uliozaliwa na ng'ombe. Zamani, mtu aliyenunua ng'ombe kutoka zizi la marehemu alitakiwa kumrudisha mara moja tu, siku ya kuondoa matanga, ili anywe maji katika ua ule ule. Ng'ombe akiingia kwa miguu yake na kutoka kwa miguu yake, mwenye zizi amekubali. Mnunuzi alipewa kibuyu cha kasiksi, ile pombe ya ndizi, akanywa mbele ya wote, na neno likafungwa. Ng'ombe akianguka njiani au akifika mgonjwa, basi marehemu amekataa, na aliyeuza aliuza kisichokuwa chake. Vita viliwamaliza ng'ombe, lakini utaratibu ulibaki. Ulihamia kwenye baiskeli, ukahamia kwenye cherehani, na mwaka fulani hata kwenye mashine ya kusaga mihogo. Sasa ulikuwa umelifikia gari lililotoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam.

Aliyeliuza alikuwa Laurette, mjane wa Pascal.

Hapo ndipo palipokuwa na uzito. Isidore alikuwa ameshatamka, bila kupandisha sauti, kwamba siku ya kuondoa matanga kikao cha ukoo kitaamua habari ya nyumba ya mtaa wa Nguba, ambamo Laurette aliishi na watoto wake watatu. Ikiwa mambo yake na marehemu yako sawa, atabaki humo kama mke wa ukoo. Ikiwa marehemu ana neno naye, atarudi kwao Luberizi, na watoto watahamia kwa Isidore. Hati ziliandikwa jina la Pascal, na sheria ilikuwa upande wa mjane. Lakini Cirhuza aliwajua wajane wawili waliokuwa na haki zote kwenye karatasi, na ambao kwa miaka tisa walipanga chumba kimoja Kadutu wakisubiri kuitwa mbele ya hakimu.

"Matanga yatatoka Jumamosi ya tatu kuanzia sasa," Isidore alisema, akinyooka. Uso wake ulitoweka, viatu vikabaki. "Utakuja nayo. Siyo na taksi. Na yenyewe."

*

Karakana ya Chrispin, huko Kadutu, haikuwa na ukuta wala paa; ilikuwa kontena moja, mti mmoja wa mparachichi, na magari tisa yaliyofunguliwa matumbo. Chrispin alilizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, kama daktari ambaye hajataka bado kumgusa mgonjwa.

"Hii njo ile ya Prof Pascal," alisema. "Hakuitumaka kwangu hata siku moja. Nilizani ananizarau."

Hakuanza na injini. Aliling'oa zulia la sakafuni upande wa dereva, akaingiza mkono chini yake, akautoa umejaa vumbi la kijivu, laini kama unga wa muhogo. Alilimimina kwenye kiganja cha Cirhuza.

"Weye njo mwalimu wa udongo. Niambie iko udongo ya wapi."

Cirhuza alilisugua kati ya kidole na kidole. Alilipeleka kwenye mwanga, akalionja kwa ncha ya ulimi, kama alivyozoea porini. Udongo wa Bukavu ni mwekundu, mzito, una kumbukumbu ya moto. Huu ulikuwa tope la maji matulivu, lililochujwa kwa muda mrefu, na ndani yake mlikuwa na chembe nyeupe za makombe ya konokono wa majini wasioishi katika ziwa Kivu wala katika mto wowote aliouchunguza yeye.

"Si wa huku," alisema.

"Basi. Gari ilikunywa maji, Prof. Huko kwao, mafuriko. Ilizama, bakaikausha, bakaifuta uso, bakaiuzisha kwa batu ba mbali. Maji iliingia mu manyuzi yote ya umeme. Ikiwa baridi inatembea muzuri, unasema Mungu asifiwe. Ikipata moto, inasahau jina yayo."

"Itapona?"

"Gari yenye ilizama haiponaka. Unaibembeleza tu."

Kisha akafungua boneti, akaita, "Kuja uone kintu."

Nyaya zilipita ubavuni mwa injini katika mafungu, na kila mahali palipokuwa na kiungo palizungushiwa plasta nyeupe ya hospitali. Juu ya kila plasta paliandikwa namba, neno, na tarehe, kwa kalamu isiyofutika, herufi ndogo zilizosimama wima. *7. Kutu. 3 Februari. 12. Imelegea, nimekaza. 20 Februari. 12 tena. 2 Machi.* Chrispin alihesabu thelathini na moja. Cirhuza hakuhesabu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameona mwandiko huo kwenye mifuko ya sampuli za mawe, katika maabara waliyogawana, na hakuhitaji kuuliza ni wa nani. Tarehe ya kwanza kabisa ilikuwa juma la tatu baada ya Pascal kuliteremsha gari mpakani.

"Huyu muntu alikuwa fundi?" Chrispin aliuliza.

"Hapana. Alikuwa rafiki yangu."

Chrispin akafuta mikono kwa kitambaa ambacho kiliichafua zaidi.

"Unaweza kuifikisha Mudaka, mara moja tu?" Cirhuza aliuliza.

"Kufika barabarani, ndiyo. Kupanda ile kilima ya kwabo ikiwa imeshapata moto..." Alitikisa kichwa. "Nitafanya yangu. Ingine muombe Bikira Maria, mimi siko fundi ya kule."

*

Cirhuza alikwenda Nguba Jumamosi iliyofuata, mchana, kwa miguu. Laurette alimkaribisha barazani. Alikuwa bado katika nguo nyeusi, akikunja nguo za watoto zilizokauka, na hakuacha kukunja walipokuwa wakizungumza.

"Ulijua, Mama Lucie?" Cirhuza alimuuliza.

Alitazama kwanza mlango wa chumba ambamo Lucie, bintiye wa miaka kumi na sita, alikuwa akisoma kwa ajili ya mtihani. Kisha akapunguza sauti.

"Nilijua tangu mwezi ya kwanza. Kila asubuhi bwana yangu iko chini yayo, na torshi mu meno. Batoto bakiamka anasema anaisafisha. Na weye haukuona vile alikuwa anaisimamisha? Kichwa chini kila mahali. Ku mutelemuko. Ikikataa, anaiachilia tu, inashuka, inawaka. Lucie alimuuliza. Akasema: gari yangu inapenda kuona ziwa."

Cirhuza aliona. Alikuwa amepita naye mara nyingi mbele ya nafasi tambarare, safi, zisizo na mtu, wakienda kuegesha mahali pa mteremko, mbali, kisha wakirudi kwa miguu juani, na yeye akidhani ni kiburi kidogo cha mtu aliyechelewa kupata kitu kizuri. Katika mji wenye miteremko kila upande, siri ile ilikuwa rahisi kutunza.

"Siku ya kununua sikukwambia," Laurette alisema. "Hiyo zambi iko yangu. Nilikuwa na haya, na nilikuwa na batoto babili ba kurudisha ku masomo. Unisamehe."

"Sikuleta hiyo, Mama Lucie. Hiyo imeisha." Akamweleza alichokuja nacho. Gari lilikuwa gonjwa tangu mwanzo. Pascal mwenyewe aliandika ugonjwa wake, siku kwa siku, kwa mkono wake. Wazee wakiziona zile plasta, hakuna atakayeweza kusema kwamba marehemu analikataza gari. Nyumba itabaki. Ilimtoka kama hoja ya darasani, kila hatua juu ya nyingine, na alipofika mwisho aliona kwamba mikono ya Laurette imeacha kukunja.

"Hapana," alisema.

"Mama Lucie..."

"Unajua bandugu yake balikuwa banamuita nani? Mwalimu wa mawe. Kila Noeli tukipanda Mudaka: mwalimu wa mawe, leo unatuletea jiwe gani tupike? Isidore iko na magodauni, ule mwingine iko na malori, na yeye iko na diplome. Ile siku alipanda na ile gari, Isidore mwenyewe alivua kofia. Miaka mbili, Papa Cirhuza. Miaka mbili bakamuita Profesa, mbele ya mama yake. Sasa weye unataka uwaoneshe kama alikuwa analala chini ya gari na plasta ya hospitali." Alichukua tena gauni la mtoto, akalikunja, likawa dogo sana. "Na Lucie je? Muulize baba yake alikuwa nani. Atakwambia gari mbele ya yote. Niko muntu wa Luberizi, najua kulima mupunga. Nitalima. Lakini usimuzike mara ya pili."

"Na watoto wakienda kwa Isidore?"

Laurette aliugeukia mlango wa chumba. Chumbani, Lucie alikuwa akirudia kwa sauti tarehe za historia, moja baada ya nyingine, kwa bidii, kama mtu asiye na jambo lingine la kuhofia duniani.

*

Siku ya kuondoa matanga Cirhuza alitoka mjini mapema, hewa ikiwa bado baridi, kama Chrispin alivyomshauri. Gari lilikwenda vizuri. Lilikwenda vizuri hata likamuumiza, kwa sababu akiwa upande wa usukani alielewa kwa mara ya kwanza kile ambacho rafiki yake alikuwa akikihisi: ile sauti nzito chini ya miguu, ule utii wa kona, ziwa likionekana na kufichika upande wa kulia, na watu kando ya njia wakigeuza shingo. Waliouza maembe waliinua mkono. Hawakumsalimu yeye, alijua.

Alikuwa amefikiri kwa majuma mawili, kwa utaratibu, na kila mara alirudi mahali pamoja. Kweli ingeokoa nyumba na kuliua jina. Kimya kingelitunza jina na kuipoteza nyumba. Alichobakiwa nacho ni tumaini moja dogo la kifundi: gari liingie uani kwa magurudumu yake, watu waone, anywe, ageuze, atoke. Mambo yote mawili yangepona bila mtu kusema neno. Hakuwahi kutegemea kitu kinyonge kiasi hicho.

Alipoiacha barabara kubwa huko Mudaka na kushika njia ya udongo iliyopanda katikati ya migomba, sindano ya joto ilianza kupanda pamoja naye. Alizima feni ya ndani, akafungua madirisha, akaendesha polepole. Jiwe moja lilikwaruza tumbo la gari. Alisikia nyimbo kutoka juu, sauti za wanawake wa parokia. Akaona ukingo wa turubai la bluu walilotandaza uani. Zilibaki kama hatua mia tatu. Injini ikakohoa, ikashika tena, ikasema kitu kama swali, na ikazima.

Alivuta breki ya mkono. Alisubiri. Alizungusha ufunguo, na ule mlio mmoja ukajibu. Mbele yake njia ilipanda. Nyuma yake iliteremka hadi barabarani, na angeweza kuliachilia lirudi kinyumenyume liwake, lakini kuwaka likielekea chini hakungemfikisha juu, na kule juu nyimbo zilikuwa zimeshakoma. Wanaume watatu walikuwa wakishuka kutoka uani.

Alijua watakachofanya: wangefungua boneti. Kila mwanaume wa Kivu akikuta gari limezima hufungua boneti, hata asiyejua tofauti ya betri na jiwe. Wangezikuta plasta, na mmoja wao, David, mdogo wa Isidore mwenye malori, aliujua mwandiko wa ndugu yake.

Cirhuza alishuka, akafungua yeye kwanza. Joto lilimpiga usoni. Alianza na namba ya kwanza, akaibandua, akaitia mfukoni. Akaibandua ya pili. Zingine zilikuwa zimeshikamana na nyaya, zikamuunguza vidole. Hakuwa ameamua jambo lolote kabla ya hapo. Aliamua huku mikono ikifanya kazi, kama mtu anayejua anachochimba baada ya kukigonga. Alipofika kwenye *12 tena* alisita kidogo tu, kisha akaibandua pia. Hodi za wale watatu zilipomfikia, nyaya zilikuwa nyeusi na tupu, na mfuko wa koti lake ulikuwa umevimba.

"Imekufa?" David aliuliza.

"Imekufa."

David aliinama juu ya injini, akachungulia kwa muda, akasema kile wanachosema wote: "Pengine iko batri."

*

Ua ulikuwa umejaa. Wazee waliketi kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Kati yao, kwenye mkeka, aliketi Koko Nsimire, mama mzazi wa Pascal, mdogo wa umbo, miguu imenyooshwa mbele, na karibu yake kibuyu cha kasiksi kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Laurette aliketi mbele yake, akisubiri kuvuliwa nguo nyeusi. Lucie na wadogo zake walisimama nyuma ya mama yao.

Isidore aliinuka. Alikuwa amevaa koti zito licha ya jua.

"Batu yote bameona," alisema. "Siongezi. Nilisema na shemeki yangu mbele ya mazishi: usiuzishe kintu ya Pascal mbele mwaka iishe. Akauzisha. Kintu ikakataa ku kanisa. Leo imekataa ku mulango ya nyumba ya baba yake. Sina chuki na yeye. Lakini marehemu iko na neno, na mutu mwenye marehemu iko na neno naye hawezi kulinda nyumba yake wala batoto yake."

Wazee wawili walitikisa vichwa kukubaliana naye. Laurette hakuinua macho. Cirhuza alimwona Lucie akiweka mkono begani mwa mama yake, kisha akiuondoa, kana kwamba bega lile lilikuwa la mtu mwingine.

"Wazee wangu," Cirhuza alisema, "naomba kusema juu ya kibuyu."

Katika ua huo, kusema juu ya kibuyu kulikuwa sawa na kuapa. Wazee wakainama mbele. Koko Nsimire aliondoa jani, akamsogezea kibuyu, naye akapiga magoti na kuweka kiganja juu ya mdomo wa kibuyu. Alikuwa amefundisha kwa miaka ishirini kwamba jiwe halisemi uongo, na kwamba anayelisoma hana ruhusa ya kusema tofauti na alichokiona.

"Gari ya Pascal ilikuwa nzima," alisema. "Mimi njo niliiharibu."

"Uliharibu namna gani?" Isidore aliuliza. "Ulinunua Alhamisi. Jumapili ilikuwa imekufa. Nilikuwa pale."

"Ijumaa nilienda nayo Luhwindja."

Wazee walitazamana. Kisha, mahali fulani nyuma ya wazee, mtu alipumua kwa pua. Mwingine akajikwaa katika kikohozi. Na kicheko kikapita chini ya turubai, kicheko cha watu ambao tangu asubuhi walikuwa wamekikataza.

"Luhwindja?" David alirudia. "Na ile kiatu? Ile njia malori yangu inakufa mule, Prof. Ulikuwa unaenda kuchimba zahabu?"

"Nilikuwa na sampuli za kuchukua. Nilitaka pia watu wa kule waione." Kwa kweli Ijumaa hiyo alikuwa amefundisha kutoka asubuhi hadi saa kumi jioni, mbele ya wanafunzi sitini. "Sikufika. Kuna kijito, daraja iliondoka. Nikasema nitavuka tu. Maji iliingia mpaka mu viti. Fundi alitoa tope chini ya zulia, mukitaka mutaliona mpaka sasa. Tangu siku ile haikupona."

Wangeliona, alijua, na lingewatosha. Hapakuwa na mtu mwingine uani pale ambaye angeweza kulitazama tope lile na kumkanusha. Mmoja tu angeweza, naye ndiye waliyekuja kumlilia kwa mara ya mwisho.

Isidore alimkazia macho kwa muda mrefu. Cirhuza alijiandaa kwa swali jingine. Alikuwa na tarehe, alikuwa na jina la kijito. Lakini swali halikuja. Yule mtu mzito alikaa chini polepole, akakishika kiti kwanza, kama asiyeamini kwamba kipo.

"Nilizani iko yeye," alisema, na sauti yake haikuwa tena ya kikao. "Kila mara nikisikia imezima, nilikuwa nasema: mudogo wangu halali."

Hapo Cirhuza alielewa kwamba katika majuma yote yale hakuwa amemfikiria mtu huyu hata mara moja kama mtu aliyefiwa.

Koko Nsimire alijaza kata, akamwinamia Cirhuza ampe. Uso wake ulipokuwa karibu na sikio lake, alisema maneno machache, kwa sauti ambayo haikuwa na nia ya kufika mbali kuliko hapo.

"Miye njo nilikuwa namuwekeaka jiwe ku mupira ya gari, isishuke."

Kisha akainuka, akawageukia wazee, na sauti yake ikawa kubwa kuliko mwili wake.

"Mwana wangu aliacha gari muzima. Bibi yake aliuzisha kintu muzima, kwa rafiki. Huyu njo aliivunja, kwa ujinga yake ya masomo. Marehemu hana neno na mutu. Isidore, kuna neno ingine?"

"Hakuna, mama."

"Cirhuza ataleta mbuzi, ju ya kuzarau kintu ya mufu. Kunywa."

Akanywa. Ilikuwa chachu na ya uvuguvugu. Wazee waliguna kwa pamoja, mguno wa kukubali, na mmoja akaongeza, si kwa ukali, kwamba serikali iliwapa watu hawa diplome bila kuwafundisha kuvuka mto. Wanawake wakaanzisha wimbo. Koko Nsimire akafungua kitambaa cheusi kichwani mwa Laurette, akakivua taratibu, akakiweka kando, akamfunga kitenge cha manjano ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani. Laurette hakumtazama Cirhuza. Aliinamisha kichwa ili kifungwe, akakaa hivyo hivyo hata baada ya kitenge kukamilika, na machozi yalipokuja, watu walisema ni vema, ndivyo yanavyopaswa kutoka siku kama hiyo.

Baadaye walileta chakula. Kwa kuwa alikuwa binti mkubwa wa marehemu, ilikuwa kazi ya Lucie kupita na birika na beseni kuwanawisha wageni mikono. Alianza na wazee, akapiga goti kidogo mbele ya kila mmoja kama alivyofundishwa. Alimnawisha Isidore, akamnawisha David. Alipofika kwa Cirhuza alisimama na birika mkononi bila kuliinamisha. Macho yake yalikuwa mekundu na makavu.

"Papa alikuwa anaitunza, tonton," alisema, akimwita mjomba kama siku zote. "Kila asubuhi, miaka mbili. Weye siku moja tu."

Cirhuza alikuwa ameshanyoosha mikono yake juu ya beseni. Aliiacha hapo.

"Ndiyo, Lucie," alisema. "Alikuwa anaitunza sana."

Msichana alisubiri labda kisingizio, labda pole; na vyote viwili vilipokosa kuja, alimmwagia maji kidogo, akapita kwa aliyefuata.